Ncoolo ya Mwalimu Muturi

Mwalimu Muturi alikuwa mtu wa Kibugu, kwa wakulima wa majani chai, na kazi ndiyo iliyomtupa Laare kwenye miraa. Jioni alikuwa akiandika makala za kamusi elezo ya mtandaoni, kwa Kiswahili, bila hata senti. Kichaa chake hicho. Wenzake hucheza drafti.

Alipoanza kumchumbia Ntinyari, akaandika makala ya ncoolo, ule mzigo wa miraa ambao Wameru humpelekea mzee mwenye binti kabla ya neno lolote la posa. Taabu ikawa jina la makala. Kanuni zilitaka jina wanalolijua wengi. Kanuni hizohizo zikataka jina lisilo na utata. Sasa jamani, mtu afuate ipi? Akaandika "Ncoolo", akafuta. Akaandika "Miraa ya posa", akafuta. Mwisho akaacha "Kifurushi cha miraa".

"Hicho si kifurushi," Ntinyari akamwambia. "Ni ncoolo."

"Msomaji wa Tanga atajuaje ncoolo?"

"Si atasoma, ajue! Unamwandikia ya nini?"

Muturi akaona msichana ana haki, halafu akaona kanuni nazo zina haki. Kichwa kikamzunguka wiki nzima, na jina akaliacha vilevile.

Siku ya posa akaenda kwa wafungaji wa sokoni, akaomba kifurushi cha miraa, kizuri kuliko vyote. Akapewa, kimeviringwa kwa majani ya mgomba, kibichi kabisa. Yeye na baba yake mdogo, Mutegi, wakapanda kwa baba yake Ntinyari, Mzee Mbae, na makoti yao ya kanisani.

Mzee akakipokea, akatazama kilivyofungwa. Uso ukamkunjamana.

"Hii ni ya miti ya juzi, imefungwa na watu wa soko. Ncoolo hukatwa kwenye miti ya babu zetu, ikafungwa na mzee anayejua. Mimi nina binti, sikufungua duka. Haya, sema mwenyewe, umeleta nini?"

Mutegi akamkanyaga mguu. "Sema ncoolo, tumalize!"

Muturi akisema ncoolo, amemdanganya baba mkwe mchana kweupe. Akisema jingine, mke hana. Akili yote ikamruka.

"Ni kifurushi cha miraa, Baba."

"Basi kirudishe sokoni," mzee akasema, akamrudishia. Hata viti hawakupewa.

Ntinyari akawafuata hadi langoni, machozi yanamlengalenga, hasira imemjaa.

"Uliulizia nini huko sokoni?"

"Kifurushi cha miraa."

"Na ndicho walichokuuzia! Ungetaja ncoolo, Laare nzima ingekushika mkono mpaka kwa mzee wa kuifunga."

Muturi akabaki na mzigo wake kwapani, hajui aombe msamaha au akimbie.

"Nenda ukaiulizie kwa jina lake," Ntinyari akasema, akijifuta macho. "Na usikawie, mimi bado nakungoja."