Sakafu ya Arusi Hadado

Nilikwenda Garissa kwa arusi ya binti wa dada yangu. Chumba cha bibi arusi kilipambwa nikiwa bado nakunywa chai: vijana wawili walikunjua zulia la plastiki lenye maua, wakalikanyaga pembe zilale, wakaondoka. Sikufurahi wala sikuchukia. Nilikumbuka tu, rafiki yangu, jinsi kazi hiyo ilivyofanywa kwetu Hadado miaka ya tisini, dada huyohuyo alipoolewa.

Nyanya, tuliyemwita ayeyo, alianza na udongo mwekundu wa kichuguu. Sisi wasichana tuliuchekecha, tukauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na maji, tukausiriba sakafuni kwa viganja. Mikono ilinuka zizi hata tulipokula anjera asubuhi. Udongo ulipokauka, ayeyo alichora kwa chokaa ya mawe meupe, akitumia mswaki uliotafunwa ncha. Mistari aliitoa kwenye mikeka na vibuyu vya maziwa. Alianzia ukuta wa nyuma, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, ili asikanyage alichokwisha kuchora.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa kike kutoka bara, aliyependa kutusaidia. Ayeyo alimtania kwa Kiswahili chake: "Mwalimu, mkono yako inatetemeka kama ndama!" Lakini adhana ya alasiri ilipolia, alimwachia mswaki. "Hapa mlangoni malizia wewe. Mimi naenda kuswali."

Mwalimu alichora alama aliyoiona kisimani, shingoni mwa ngamia, akaipenda: duara lenye mikia miwili. Hakujua kwamba ni chapa, na kwamba kila ukoo una yake. Hiyo ilikuwa ya watu waliomposa dada mwaka uliotangulia, baba akawakatalia.

Ayeyo alikuwa bado kwenye mswala wanawake wa upande wa bwana arusi walipofika. Shangazi yao, aliyetangulia, alisimama kizingitini.

"Naa, wanawake! Hii ni nyumba ya arusi au zizi la watu wale?"

"Ingieni kwanza," mama alisema.

"Tuingie wapi? Tumekuja kuchukua mke, tunaonyeshwa ngamia wa wenyewe. Au mke mmeshamtia chapa?"

Nyuma yake wengine walianza kuzikusanya buibui zao. Wakirudi kwao bila kuingia, arusi imevunjika, na hakuna ambaye angekuja tena kumposa dada. Mwalimu, aliyesikia Kisomali kidogo, alielewa, akafungua mdomo. Ayeyo alikuwa ameshafika. Alimshika kifundo cha mkono, akamrudisha nyuma.

"Mkono uliochora ni wangu," alisema. "Macho yangu yamezeeka."

"Macho yamezeeka, chapa imenyooka?" shangazi alimjibu, na mmoja wao akacheka.

Hapo dada akatoka chumba cha ndani, mahali ambapo bibi arusi hapaswi kutoka. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa, hina bado mbichi. Alifungua kitambaa cha mguu wa kulia, akaweka unyayo juu ya ile alama, akaisugua mpaka chokaa na hina vikawa uji mmoja wa rangi ya chungwa.

"Sasa, eeddo," alimwambia shangazi, "hapa kuna chapa ya nani?"

Shangazi alimtazama kuanzia miguuni hadi usoni. "Huyu atatusumbua," alisema, akavua viatu, akaingia. Vigelegele vikafuata.

Dada aliolewa akiwa na hina mguu mmoja tu. Mwalimu alihamishwa muhula uliofuata, na sikuwahi kumsikia ayeyo akimtaja kwa kosa lile. Ayeyo mwenyewe amekwisha kufa, na picha ya sakafu hakuna.

Pale Garissa nilimwuliza dada kama anakumbuka michoro ya ayeyo. Alifikiri, akasema hapana. Mimi nimejaribu kwa kalamu, kwa utaratibu uleule, kuanzia ukuta wa nyuma. Napata mistari ya kwanza, kisha hakuna kitu. Huwa nasubiri kidogo nione kama nitahuzunika. Sihuzuniki, nageuza karatasi. Ila ile alama ya mlangoni, ambayo haikukaa hata muda wa sala moja, mkono wangu unaichora wenyewe: duara, mkia, mkia.