Mashine Inayomeza Orutu

Mzee Obura wa mtaa wa Mowlem, hapa Nairobi, huenda unamjua, hata kama jina lake hulijui. Ni yule mrefu anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Ukimsalimia kwa upole anapita tu. Ukimsalimia kwa nguvu anajibu kwa sauti inayofika ploti ya tatu. Watu husema ana majivuno. Ngoja kwanza nikueleze, halafu utasema mwenyewe.

Miaka thelathini na mmoja Obura alisimama mbele ya mashine ya kukunja mabati, kwenye kiwanda kimoja kule Industrial Area. Kelele za mle ndani zilikuwa za kukutoa meno. Watu waliitana kwa mikono, na aliyethubutu kuziba masikio kwa pamba alichekwa hadi saa ya kutoka: "Bibi harusi huyo, msimguse!" Obura hakuziba hata siku moja.

Jumamosi alivua ovaroli, akabeba ngoma yake, akamfuata mdogo wake Seth. Seth alikuwa mpigaji wa orutu, lile zeze la Wajaluo lenye uzi mmoja, linalolia juu, jembamba, kama mtu anayekusihi usiondoke. Walipiga kwenye harusi, walipiga kwenye matanga. Mwaka mmoja wakaingia studio, wakatoa diski moja ya nyimbo nane. Ilikuwa ya kwanza na ya mwisho, maana Seth alishikwa na homa ya mapafu, na hakumaliza wiki. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha diski.

Sasa, Obura alipostaafu akapata nafasi ya kuketi na kuisikiliza, ndipo taabu ilipoanza.

"Hii mashine inameza orutu," alimwambia mkewe, Rispa. "Ngoma naisikia. Seth simsikii."

"Labda ni uzee wa mashine, Baba Winny," Rispa akajibu, akaendelea kuchambua mboga.

Fundi Mwanzia akaitwa. Akaifungua ile pleya, akaifunga. Akaitwa tena, akabadilisha jicho linalosoma diski. Mara ya tatu akasema, "Mzee, hii mashine haina ugonjwa."

"Basi mgonjwa ni wewe!" Obura akamfokea, na hajamwita tena.

Binti yao Winny, mwalimu huko Siaya, alichoka na malalamiko ya simu. Akasema atawanunulia pleya mpya, zile za siku hizi: inasoma diski, na pia inavuta muziki wa mtandaoni. Wao wachague tu.

Basi Jumanne moja asubuhi wakaenda Eastleigh, duka la Magan. Magan huuza amplifaya na spika, na ni mtu asiye na haraka na mteja. Aliwaketisha kwenye viti viwili, spika mbili zikiwatazama.

"Mzee wangu, unataka yenye mataa ama yenye sauti?"

"Mataa nina ya stima nyumbani," Obura akasema. "Nataka itakayonitolea ndugu yangu."

Magan akacheka, kisha akaona uso wa mzee, akaacha. Akaipokea diski, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye pleya ya kwanza. Namba za sekunde zikaanza kukimbia kwenye kioo: moja, mbili, tatu. Obura akakunja mikono, akangoja. Tisa, kumi, kumi na moja.

"Mbona haianzi?"

"Imeanza, mzee."

Ngoma ikaingia, dum, dum, na Obura akashtuka kidogo kitini. Akasikiliza wimbo mzima. Akatikisa kichwa. "Hii pia inameza. Najisikia mimi peke yangu."

Magan akaleta ya pili, iliyo nzito zaidi. Namba zikakimbia tena. Mzee akangoja tena. Ikaja ngoma, wala hakuna kingine.

"Walahi, mzee, hujaisikia?" Magan akashangaa. "Inalia kama nyuki! Mimi Msomali, kitu hii siijui, lakini nywele zimenisimama."

Rispa akasema haraka, "Diski imechakaa, Baba Winny. Imekwaruzwa. Twende nyumbani."

Laiti wangeenda. Lakini Magan, kwa wema wake tu, akasema hilo ni jambo dogo kujua. Pleya ile ya pili ina mtandao. Akabonyeza simu yake, akatafuta orutu ya watu wengine, iliyorekodiwa juzijuzi, haina mkwaruzo hata mmoja. Akaipiga.

Kwenye mlango wa duka mama mmoja mpita njia alisimama, akaweka chini kikapu, akaanza kutikisa mabega. Obura alimtazama yule mama. Akatazama spika. Akatazama zile namba zinazokimbia. Kisha akamgeukia mkewe, na hakumtazama machoni, alimtazama mdomo.

"Inalia?"

Rispa akakunjua leso yake, akaikunja tena.

"Mama Winny. Inalia ama hailii?"

"Inalia."

"Na ile ya nyumbani?"

"Inalia. Ilikuwa inalia siku zote."

Magan akapunguza sauti, akajifanya ana waya wa kupanga.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya birika. Lilipiga filimbi mpaka maji yakaisha, na wewe umeketi hapo kando yake unasoma gazeti. Nikajua sauti nyembamba zimekukimbia."

"Na ukaniacha nimtukane Mwanzia."

"Ningekuambiaje?" Rispa akasema, machozi yakimlenga. "Ulikuwa unamtafuta Seth kwenye mashine. Nikaona, mtu akitafuta, bado ana matumaini."

Magan akawaambia hakuna lazima ya kununua leo, waende wapumzike, duka halihami. Lakini mzee akainua mkono.

"Rudisha diski yangu. Kwanza kwa hii, halafu kwa ile. Mama Winny, vuta kiti, kaa hapa katikati. Utaniambia wapi anasikika vizuri. Na usinidanganye tena."

Rispa akafunga macho. Zikapigwa zote mbili. Obura alisimama pembeni akimwangalia uso wake, jinsi muuguzi anavyomwangalia mgonjwa.

"Kwenye ile ya kwanza yuko mbali," Rispa akasema, "kama anapiga akiwa jikoni kwa watu. Kwenye hii ya pili yuko hapa mbele yangu. Nasikia mpaka upinde ukikwaruza uzi."

"Basi tufungie hii ya pili."

Ndiyo iliyoko sebuleni kwao hadi leo. Jumapili baada ya kanisa Obura huiwasha mwenyewe, anaweka diski, anaketi akimtazama Rispa. Zile sekunde kumi na kitu za mwanzo, Seth akiwa peke yake, uso wa mkewe hulegea, na mzee humsoma mdogo wake pale. Lakini ngoma ikiingia, akajisikia yeye peke yake, hawezi kuvumilia. Huinuka, akatoka nje kwenye korido, akasimama akiishika reli mpaka nyimbo zote nane ziishe.

Kwa hivyo ukimkuta pale Jumapili, msalimie kwa nguvu.