Jiwe la Kukandia Magoti ya Bibi

Enzi zetu sisi tuliokulia Kilolo, baridi ya mwezi wa saba haikuwa habari ya kutangazwa redioni. Tuliamka ukungu umefika mlangoni, tukaenda shule pekupeku, visigino vimepasuka, na kila mtoto mkononi ana kiazi cha moto alichotoka nacho jikoni. Kiazi kilikupasha vidole njiani, na saa ya mapumziko unakila na ganda lake. Leo mjukuu wangu hapa Mbeya anavaa sweta, koti na kofia, na bado anaitiwa bodaboda impeleke shule ambayo ukisimama barazani kwangu paa lake unaliona.

Mimi nilikuwa na miguu. Mkiniona sasa hamtaamini, lakini waulizeni waliobaki. Kwenye rede hakuna aliyenipiga na mpira. Kwenye kombolela nilikuwa nimeshafika na kukomboa kabla anayetutafuta hajageuka. Tuliteleza mteremkoni juu ya majani makavu ya mipaina hadi sketi zikatoboka, tukapigwa, kesho yake tukateleza tena. Bibi yetu mzaa baba alikuwa akikaa mlangoni pa jiko, kaniki imefunika magoti, akiniangalia na kutikisa kichwa: "Kimbia mjukuu wangu, kimbia. Magoti yana siku zake."

Ya kwake siku zake zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa baridi yabisi, ingawa sisi tulijua tu kwamba bibi anaumwa miguu. Na kila jioni ya baridi kulikuwa na kazi moja pale nyumbani iliyozidi zote kwa heshima. Jiwe jeusi la mtoni, laini, ukubwa wa mkate, liliwekwa pembeni ya moto. Likishapata joto linafungwa kwenye kipande cha blanketi kuukuu, na kabla halijagusa goti la bibi, mkandaji anaanza kuligusisha shavu lake mwenyewe. Likikuchoma wewe, litamchoma na bibi. Kisha linakuja goti, halafu mafuta ya nyonyo kwa kiganja, taratibu, hadi bibi aseme "hapohapo" na kufumba macho.

Kazi hiyo alipewa mdogo wangu Leokadia. Tumeachiana ziwa, tumevaa nguo za kurithiana, lakini jiwe lile sikuruhusiwa kulishika. Nilipolalamika, mama alinijibu bila hata kugeuka: "Wewe una miguu, kachote maji. Leokadia ana mikono."

Basi. Mimi bondeni na ndoo, yeye kwenye ngozi ya mbuzi karibu na moto. Yeye ndiye aliyepewa ukoko wa ugali, yeye aliyechaguliwa hindi laini kuliko yote, yeye aliyelala kitanda cha bibi na lile jiwe miguuni. Narudi nimelowa umande hadi mapajani, nawakuta wawili wanacheka jambo lililokwisha kusemwa. "Mnacheka nini?" Bibi anajibu, "Ya jikoni." Weee! Ya jikoni! Neno hilo limenikaa hapa kifuani mpaka leo, na nina wajukuu.

Nikakua, nikawa mwalimu, nikaolewa Mbeya, nikasimama ubaoni miaka na miaka. Hujafa hujaumbika. Goti la kulia lilianza kulia kama bawaba kavu, la kushoto likafuata kwa kuiga. Nilifanya kama wanavyofanya wenzangu. Nilinunua dawa za kuchua kwa yule mwenye kipaza sauti stendi, nikanukia mikaratusi mpaka darasani watoto wakaziba pua. Nilichanjwa chale magotini. Nilimeza vidonge vya maumivu kama karanga hadi tumbo likawaka. Ndipo binti yangu akanishika mkono tukaenda hospitali, nikakabidhiwa kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mdogo kuliko kitindamimba wangu. Akanibonyeza huku na huku, akasema, "Mama, goti hili halitaki kulala, linataka kutembezwa. Na uzito upungue." Akanipa na saa za vidonge, kila mara baada ya chakula. Akanifundisha kukaa kitini, kunyoosha mguu, kuuzuia hewani, kuushusha. Mwisho akaniambia nyumbani nijikande kwa taulo la moto.

Nijikande! Bibi hakujikanda hata siku moja. Nakaa peke yangu ukingoni mwa kitanda, nakamua taulo langu mwenyewe, wajukuu sebuleni wameinamia simu, na ukimwita mmoja anaitikia "nakuja bibi" halafu haji. Nasema kweli, namwonea wivu bibi yangu, na yeye yuko kaburini.

Kumbe hata huko kaburini Leokadia alikuwa amewahi. Yeye alibaki Kilolo, analima viazi, anapanda milima na kushuka kama msichana. Kila inapofika siku ya kuwaombea marehemu, ukoo unapalilia makaburi, na lile la bibi, lililo mteremkoni chini ya nyumba, analipalilia yeye. Halafu ananitumia sauti kwenye simu: "Dada, nimemsalimia bibi kwa niaba yenu." Kwa niaba yenu! Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Uongo. Mimi wivu umeninenepesha, ndiyo maana naambiwa nipunguze uzito.

Mwaka huu nikaapa. Nitashuka mteremko ule kwa miguu yangu na kung'oa nyasi za bibi kwa mikono yangu, maana goti linavyokwenda, nisipofika mwaka huu huenda nisifike tena. Mazoezi niliyokuwa nayafanya kwa kutegea nikayafanya kwa hasira. Nikatembea asubuhi, nikakataa maandazi. Binti yangu akaniuliza, "Mama, si mama mdogo atapalilia kama kawaida?" Hiyo kama kawaida ndiyo niliyokuwa siitaki.

Basi liliponishusha, Leokadia alikuwa ameshuka barabarani kunipokea. "Kamwene, dada!" Akapiga goti kunisalimu kama tulivyofunzwa, akainuka bila kushika chochote. Nikayatazama magoti yale kwa jicho baya, Mungu anisamehe. Jioni nzima nilikuwa nayatazama: anainama, anainuka, anakaa kigoda kifupi. Chai alitumiminia mkamwana wake, yeye ametulia, mikono ndani ya kanga.

Asubuhi tukashuka. Nilikwenda upande upande na fimbo, jasho linanitoka kwenye baridi, lakini nilifika. Nikakuta nyasi zimeufunika msalaba.

"Leokadia! Mwaka jana si ulisema umepalilia?"

"Nilisema nimemsalimia."

Nikajaribu kupiga magoti, goti likagoma katikati. Yeye akapiga magoti mara moja, akashika nyasi, akavuta. Zikamponyoka. Akashika tena, zikamponyoka tena. Ndipo nikaitazama mikono yake. Vidole vimepinda kwenda upande mmoja, vifundo vimevimba, vinang'aa. Mikono ileile ya jiwe.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

Akajifuta uso kwa kiwiko. "Ningekwambia nini? Nyumbani kwetu wewe ulikuwa wa miguu, mimi wa mikono. Mikono ikienda, mimi nimebaki nani?"

Nikajiachia taratibu hadi nikakaa chini kwenye majani mabichi, miguu nimeinyoosha mbele, nikaanza kung'oa pale nilipofika. Yeye anazikumbatia nyasi kwa viwiko, anapanda kuzitupa, anashuka. Tukafanya hivyo hadi jina la bibi likaonekana.

Nikamwuliza lile lililonikaa tangu utotoni. "Hebu niambie leo. Ya jikoni yalikuwa yapi? Bibi alikuwa anakusimulia nini?"

Leokadia akacheka. "Unafikiri nilikuwa nasikiliza? Masikio yangu yalikuwa nje kwenu. Nawasikia rede, nawasikia mnapiga kelele, nami naliomba jiwe lipoe upesi nitoke. Likipoa, na nyie mmeshaingia. Bibi akicheka, nami nacheka."

Jamani! Hadithi zote zile, zikaingia sikio lisilozitaka, na mimi niliyezitaka nilikuwa bondeni nachota maji! Nilitaka kumchapa pale pale mbele ya kaburi. Badala yake nikashika bega lake, nikainuka, nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda wote hospitali Iringa mjini, vidole hivyo havingoji viazi vivunwe. Akanung'unika kwamba palizi haijaisha. Nikamwambia mimi nimefundisha watoto wakaidi kuliko yeye.

Jioni mkamwana akakumbuka jiwe. Lilikuwa bado lipo, linazuia mlango wa banda la kuku. Akaliosha, akaliweka pembeni ya moto, akalifunga kwenye kitambaa, akatuachia katikati yetu, akaenda kuchaji simu. Zamani jiwe moja lilikuwa na mgonjwa mmoja na nyumba nzima ya mikono. Leo dawa zipo, hospitali zipo, wataalamu wapo, na pembeni ya moto tumebaki vikongwe wawili, mmoja wa magoti na mmoja wa vidole.

Nikanyoosha mkono. "Lete. Ulilishika utoto mzima, leo zamu yangu."

Leokadia akalikumbatia kifuani kwa vile vidole vyake, kwanza ameligusisha shavuni. "Wewe ulicheza utoto mzima. Kaa huko nje usubiri."

Jiwe likapoa tukiwa bado tunabishana.