Mirtis Aliyemzaa Mwanawe Mara Mbili

Jirani yangu Mirtis alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, na kwa kusuka mishipi ya sufu hakuwa na mpinzani katika mji wetu, huko Boiotia ya Wagiriki. Mwanawe Damoni alivaa mmoja mwekundu alipokwenda vitani. Aliondoka pamoja na mwanangu, Lamponi.

Tulishindwa. Tukawaomba adui maiti zetu, kama ilivyo desturi ya walioshindwa, wakatuachia. Walikuwa wameshazivua kila kitu cha shaba, na nyuso nyingine hazikutazamika. Mirtis aliletewa kijana aliyepondwa uso, mshipi mwekundu kiunoni. Tulimwosha sisi wawili, yeye kichwa, mimi miguu. Tukamzika, tukamwaga divai na asali kaburini. Lamponi hakuletwa. Nikajiambia ametekwa, na mateka hurudi.

Wakati wa kuvuna shayiri, mtu aliyekonda akaja akichechemea mpaka mlangoni kwa Mirtis. Ungo ulinitoka mikononi. Alikuwa Damoni!

"Mama!"

Mirtis akakimbia kumkumbatia, lakini kuhani alikuwa akipita njiani.

"Usimguse! Huyo tumeshamzika. Ni wa kuzimu huyo!"

Nilitamani kumtemea mate kuhani yule, ila alisema kweli. Aliyezikwa haingii hekaluni, hali chakula na watu, wala hasemeshwi. Damoni akawa analala nje ya kizingiti cha mama yake, bakuli akisukumiwa kwa fimbo. Nami nilikuwa na swali moja tu la kumwuliza, na maiti haiulizwi. Kila nilipopita pale nilijiuma ulimi.

Mjumbe akatumwa hekalu la Delfi kumwuliza mungu Apolo. Jibu lake lilituacha midomo wazi: afanyiwe yote afanyiwayo mtoto mchanga, ndipo ahesabiwe hai. Mpaka hapo mama yake tu ndiye angesema naye, kwa kuwa ndiye wa kumzaa.

"Nivishwe nguo za kitoto?" Damoni akafoka. "Mimi niliyesimama mstari wa mbele? Na ndevu hizi?"

"Nyamaza, kichanga wee! Mara ya kwanza ulinitesa usiku kucha. Leo angalau unajiletea mwenyewe."

Wanawake tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tukamwogesha kwenye beseni, tukamviringisha vitambaa. Kisha Mirtis akampakata dume zima lile, akampa titi lililokauka zamani, na kicheko chetu kikakoma. Damoni alikuwa akilia kweli, kwa sauti, kama aliyezaliwa sasa hivi. Nikatundika taji la mzeituni mlangoni, kama ifanywavyo akizaliwa mtoto wa kiume, kisha nikarudi mbio. Sasa alikuwa hai, sasa angeweza kuulizwa.

"Damoni, mwanangu, Lamponi wangu yuko wapi?"

Akanikodolea macho.

"Mama Lamponi, kwani hamkumleta? Nilimwona akianguka. Mshipi wake ulikatika asubuhi ile ya vita, nikamfunga wangu."

Mirtis akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nikiiona miguu ile, vidole vyake, vumbi nililolisugua, na jinsi nilivyokuwa nikiishukuru miungu kimoyomoyo kwamba haikuwa ya mwanangu.