Muzee Haiko

Huku Bunia mkaa tunauita makala, na nyumbani kwangu makala yana majina. Mke wangu ndiye aliyeyapa. Pande kubwa, la kujaza kiganja, ni muzee. La kati ni mama. Vipande vya ukubwa wa kidole gumba ni watoto. Kinachobaki ni vumbi, na vumbi halina jina la heshima.

Mke wangu anachoma samaki wa Kasenyi, kule ziwani, kando ya barabara, juu ya mbabula kubwa ya udongo iliyochomwa mpaka ikawa nyekundu, na wavu wa chuma juu yake. Mbabula ile haitaki mchezo. Wazee hulazwa chini ili hewa ipite na moto udumu, mama hukaa juu yao, watoto ni wa kuwashia. Ukimwaga mfuko hovyo, vumbi linaziba matundu na samaki anatoka mweusi nje, mbichi ndani, na mteja harudi tena. Kwa hiyo makala lazima yachaguliwe kabla. Akiishiwa kule barabarani, mke wangu humtuma mtu yeyote anayepita upande wetu aulize mlangoni, "Muzee iko?" Maana yake, leteni makubwa.

Anayechagua ni mimi. Hata sasa nikiisema sentensi hiyo naona joto usoni.

Nilikuwa na duka la vitenge. Nilitoka Butembo kijana, nikafungua duka hapa, na watu wakaniita Muzee wa Vitenge kabla sijapata mvi hata moja. Halafu njia ikaharibika kwa vita, mzigo wangu wa mwisho ukaungua pamoja na lori, na mlango wa duka ukafungwa. Mke wangu hakupoteza muda kulia. Alinunua mbabula. Mimi nilivaa koti. Kila asubuhi nilitoka na koti langu la kijivu, nikasalimia majirani, nikawaambia naenda kwa mipango, nikazunguka mtaa, nikaingia uani kwa mlango wa nyuma, nikalitundika koti kwenye msumari na kuchuchumaa mbele ya makala. Nilikuwa naamini, na ni aibu kwamba niliamini, kuwa mwanamume anayechagua makala amekwisha. Jumamosi nilisugua kucha kwa limau na mchanga, maana Jumapili nilisimama mlango wa kanisa kupokea watu kwa mkono.

Siku ya kuja wakwe ilikuwa Jumamosi. Binti yetu alikuwa amepata kijana, mwana wa watu wa Djugu waliokimbilia mjini, na wazee wa kijana walikuwa waje alasiri kubisha hodi na kuposa kama desturi inavyotaka. Binti huyu si wa maneno mengi. Alikuja kwangu mara moja tu, akasema, "Papa, ni huyu." Nikajua hatasema mara ya pili kwa mwingine.

Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa ameshaenda na mbabula yake. Binti alikuwa jikoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, ya wageni. Mimi nilikuwa uani na singlendi iliyotoboka, mweusi mpaka viwiko, nimekasirika, kwa sababu mfuko ulikuwa wa udanganyifu. Juu palipangwa mapande mazuri ya kuvutia macho. Chini, vumbi tupu.

Mtu akabisha kwenye mabati ya mlango.

"Hodi. Muzee iko?"

Sikuinua kichwa. "Muzee haiko," nikajibu. "Iko batoto tu, na vumbi."

"Ameenda wapi?"

Makala hayaendi mahali, na huku kwetu 'iko' ni ya mtu kama ilivyo ya kitu. Ndipo nikatazama. Alikuwa mwanamume wa rika langu, shati jeupe lenye mistari ya kukunjwa, viatu vikubwa kuliko miguu yake. Akasema, "Miye ni baba ya kijana. Tunakuja na bazee leo nyuma ya midi, lakini nimeona nitangulie nione mulango, tusipotee mbele ya batu. Weye unatumika hapa?"

Hapo ndipo ningecheka na kumweleza, naye angecheka, na ingekuwa hadithi ya kuchekesha harusini. Lakini niliiona singlendi yangu kwa macho yake, singlendi ya kibarua. Nikasema, "Ndiyo, natumika hapa." Halafu nikaongeza ambalo hakuniuliza. "Muzee iko Kasenyi. Kwa biashara."

"Bon. Nipumzike kidogo, nitarudi."

Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Haukupita muda akakunja mikono ya shati, akaanza kuchagua pamoja nami, kama mtu anavyoshika kazi inayofanyika mbele yake. Niliomboleza moyoni kwa ajili ya lile shati. Ili niwe na la kusema, nikamtukana aliyefunga mfuko. "Huyu ni mwizi. Kubwa juu, vumbi chini." Hakujibu.

Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, "Muzee wako ni mutu wa namna gani?"

Mungu anisamehe. Nilikuwa nimechuchumaa katika vumbi na nikajisifu. Nikamwambia ni mtu mkubwa. Iko na magazini ya vitenge, iko na mizigo njiani, batu ya serikali banamusalimia. Kila neno lilitoka laini kuliko lililotangulia. Nadhani nilitaka mtu mmoja duniani aamini kwamba Muzee wa Vitenge bado yuko, hata kama simo mimi ndani yake.

Yule mzee aliweka chini pande la makala alilokuwa ameshika. "Kijana aliniambia ni batu bapole," akasema. "Hakuniambia ni batu bakubwa. Siye tulikimbia na nguo za mwili. Hii shati ni ya kuazima, na viatu pia. Mutu wa magazini atatuuliza ng'ombe za mahari, na ng'ombe zetu zilibaki kule." Akasimama. "Acha nirudi niambie bazee basikuje. Afazali tukose mapema kuliko kuchekwa. Umwambie muzee wako tulipata musiba."

Jikoni mchi ulisimama.

Sikuwa nimeufikiria ule mchi hata kidogo. Ulikuwa umetwanga muda wote, na jiko letu ni la mbao zenye nyufa. Sasa kimya chake kilinifikia mgongoni. Mtu huyu akitoka mlangoni, nikajiambia, binti yako anakosa mume na kubaki na koti lako la kijivu.

Alinipa mkono wa kuaga. Wangu ulikuwa mweusi, nikafanya kama tunavyofanya wote mikono ikiwa michafu, nikakunja ngumi na kumpa kifundo cha mkono akishike. Akakishika. Naye akakisahau pale mkononi mwake, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusema.

"Muzee ni miye."

"Muzee gani?"

"Baba ya binti. Ni miye."

Akanitazama, akatazama rundo la makala, akanitazama tena. "Na magazini?"

"Haiko."

"Na mizigo?"

"Iliunguaka."

"Na Kasenyi?"

"Bibi yangu anachoma samaki ya kule. Miye namuchagulia makala."

Nilingoja anicheke au aondoke, vyote viwili vilikuwa haki yake. Aliachia mkono wangu. Akarudi polepole kwenye beseni, akakaa, akauvuta mfuko karibu na magoti yake na kuutikisa ili kilichobaki chini kitoke.

"Miye nachoma makala kule kambi ya bakimbizi," akasema bila kuniangalia. "Nafunga na mifuko. Kubwa juu." "Pengine hata hii ni yangu. Sikuwa na nguvu ya kukujibu."

Tukachagua mpaka mwisho. Alipoondoka kuwafuata wazee wake, shati lilikuwa na doa jeusi kifuani, na hakukubali nimletee maji.

Binti yangu alitoka jikoni na ndoo. Akanimiminia maji, akachukua limau, akaanza kunisugua kucha yeye mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliinamisha kichwa, sikuweza kumwona macho. Alipofika kidole cha mwisho akasema, "Papa, ulimwambia iko batoto tu."

"Nilizania anauliza makala."

"Najua. Lakini mutoto wako nilikuwa nasikia yote."

Alinifuta mikono kwa kitambaa, akaenda kulitoa koti kwenye msumari. Alilishika mbele yangu bila kulinyoosha, kama anayeuliza. Nikatikisa kichwa. Akalirudisha.

Alasiri wakaja. Tulisikia miguu yao nje ya mabati, wakikohoa na kunong'onezana nani aseme kwanza. Mke wangu alikuwa amesharudi, amekaa kwenye mkeka, ananukia samaki. Binti alisimama mlango wa jikoni pamoja na shangazi yake. Kwa desturi yetu wa kujibu hodi siku kama hiyo ni kijana wa nyumba au shangazi, kamwe si baba. Baba hukaa ndani akisubiri kuitwa. Shangazi yake alishafungua mdomo, binti akamshika mkono, akanitazama mimi.

"Hodi," mmoja wao akaita. "Muzee iko?"

Nilisimama na shati langu la kila siku, na kucha ambazo limau halikuzimaliza.

"Iko," nikasema.