Pikipiki ya Mfungo Mosi

Nilipokuwa kijana nilipenda msichana mmoja na pikipiki mbili. Pikipiki ya kwanza nilikuwa nayo, ya pili nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Msichana naye, binti wa mjomba wangu, nilikuwa sijamtia machoni tangu alipotawishwa ndani, kwa hiyo mambo yangu mengi wakati ule yalikuwa ya kungojea.

Ile niliyokuwa nayo niliinunua kwa Mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa kuukuu, haina gia, na mkanda wake wa ngozi ulilegea kila mvua iliponyesha. Ili iwake ilinibidi niisukume mbio, kanzu nimeikunja hadi magotini, kisha niirukie ikishaanza kukohoa. Asubuhi nikienda kazini forodhani, ambako nilikuwa karani, wazee waliokaa barazani waliyaacha mazungumzo yao wanitazame. Mmoja hakuchoka kuniuliza, "Leo wewe waipanda, au yenyewe yakupanda wewe?" Nilikasirika kila siku, naye kila siku akauliza.

Basi Mhindi mwenye duka la baiskeli, aliyekuwa akinitafutia vipuri, siku moja akaniita ndani, akafungua kitabu cha picha kilichokuja na meli ya barua. Akaniwekea kidole juu ya pikipiki ambayo ilikuwa bado haijafika Mombasa. Nilipoiona nilisahau hata kumsalimu mkewe. Tangi lake lilikuwa refu na jembamba, mikono ya usukani imeshuka chini, na mpandaji ameinama mbele tayari kwa mbio. Ilikuwa na gia. Tena haikutaka kusukumwa. Unaipiga teke moja, inawaka. Alisema ingefika mwezi wa Mfungo Mosi, baada ya Idi. Nikamwomba ile karatasi, akanikatia, nikawa natembea nayo mfukoni kila niendako.

Shida ni kwamba harusi yangu ilikuwa imewekwa Alhamisi moja ya Rajabu, miezi mitatu kabla. Nami nilikwisha kujiona nikiingia harusini juu ya chombo kile, mji mzima ukinitazama, na yule mzee wa barazani hana la kuuliza. Kutoka kwetu hadi kwa bibi harusi zilikuwa hatua sitini, na uchochoro wenyewe watu wawili wakipishana hugusana mabega. Hilo halikunisumbua. Niliamua nitaanza kwa kuzunguka Kilindini, nipite Tononoka, ndipo nirudi mjini. Waimbaji na wapiga ngoma wangenifuata vipi? Hilo nalo halikunisumbua.

Aliyeweza kuisogeza harusi alikuwa nyanya yetu, mama yake mjomba. Ndiye aliyemlea yule msichana tangu mamake alipofariki, na mwaka ule alikuwa mgonjwa. Kifua kilimbana, miguu ilivimba, hakutoka kitandani ila kwa kushikwa. Kila mtu katika ukoo alijua ombi lake: amwone mjukuu wake ameolewa, yeye akiwa hai. Hata mimi nilijua. Najaribu sasa kukumbuka nilikuwa nimeiweka wapi habari hiyo siku nilipokwenda kwake, nashindwa.

Nilikwenda alasiri. Nikapiga hodi, nikaingia, nikambusu mkono.

"Ndoo karibu, mwanangu," akasema. "Mato yangu hayafiki mbali tena."

Nikaletewa kahawa, nikakiweka kikombe chini, nikaitoa ile karatasi nikamweleza. Aliisogeza hadi karibu iguse pua, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hiki ndicho kichwa chake?"

"Hilo ni tangi, nyanya."

"Na huyu aliyepanda, mbona ameinama hivi? Yu mgonjwa kama mimi?"

Tukacheka. Ndipo nikasema nililokwenda kusema: kwamba kama yeye angeridhia, harusi ingengoja chombo kifike. Akauliza kitafika lini. Nikamwambia Mfungo Mosi.

Akaanza kuhesabu kwa viungo vya vidole. "Rajabu," akasema, "Mlisho..." Hapo akapumzika, pumzi zimemwishia. Nilikaa nikamngoja. "Ramadhani," akamaliza, akanirudishia karatasi yangu. "Haya, mwanangu. Nami ntangoja."

Hakunilaumu kwa neno moja. Nikambusu mkono tena, nikatoka mbio kwenda kumwambia Mhindi aniagizie. Nilikuwa na furaha, na katika furaha ile nikajikuta nahesabu alivyohesabu yeye. Rajabu, Mlisho. Nikasimama katikati ya njia, mchukuzi mwenye gunia akanipiga kikumbo na kunitukana. Nyanya alikuwa amenipa miezi ambayo hakuwa nayo. Alijua, akanipa hivyo hivyo, kwa kuwa nimemwomba. Niliona haya ambayo sijapata kuyaona tena maishani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na pikipiki ile pamoja nami.

Nikarudi. Sikumbuki kama nilipiga hodi.

"Nyanya, harusi ni Alhamisi ile ile."

"Na pikipiki?"

"Itanikuta nimeoa."

Alicheka hadi akakohoa, akanivuta kichwa akanibusu kwenye paji la uso.

Alhamisi ile nilikwenda kwa miguu, hatua zangu sitini, wenzangu wakiimba mbele na nyuma. Nyanya alikuwa amewekwa kitini karibu na mlango, kavaa leso mpya, na kila aliyeingia alimwambia, "Mjukuu wangu yuaolewa." Walioingia walikuja kwa ajili hiyo, lakini aliwaambia. Nilipofunuliwa uso wa mke wangu, nilifurahi sana kwamba sikungoja.

Ramadhani haijafika nusu, vita vya Wajerumani vikaanza. Kumi la mwisho nyanya akafariki. Mfungo Mosi meli zilileta askari na nyumbu, na ile pikipiki yangu kuukuu nayo ikachukuliwa kwenda vitani. Mhindi alinitaka radhi, maskini, utadhani vita kavianzisha yeye. Ile mpya sikuiona Mombasa mwaka ule wala mwaka wa pili, na ilipokuja nyingine baada ya vita, nilikuwa na watoto wawili na tumbo.

Siku chache baada ya Idi, mke wangu alikuwa akikunja leso za nyanya azigawe. Akasema, pasipo kuniangalia, kwamba alasiri ile alikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha ndani, na aliyasikia yote.

Nikamuuliza kama alikasirika.

"Nalikasirika sana. Nalisema mwanamume huyu simtaki, na amuoe huyo aliye kwenye karatasi." Akaikunja leso moja, akaiweka juu ya nyingine. "Ulipotoka nikaingia nikiondoe kikombe chako cha kahawa. Nyanya akanishika mkono. Akanambia, 'Kiwate papo hapo, usikiondoe, mwanangu. Mwenyewe yuaja.'"