Ua la Mama Wambui Katika Mkebe wa Rangi

Enzi zetu pale Shauri Moyo, mtoto alitoka nyumbani asubuhi miguu ikimeremeta mafuta ya mgando, na kufika saa kumi ile miguu ilikuwa myeupe kwa vumbi kama ya mtu aliyekanyaga unga. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa karatasi za nailoni, tukajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa tukicheza brikicho, na tukaruka kamba ya bladda iliyokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu za mafundi wa viatu vya akala kule Kariokor. Vijana wa leo wakichoka wanaingia chumbani na kufunga mlango. Sisi mlango ulikuwa mmoja, na mama ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa wangu mwingine. Nilipenda maua. Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi Mama Wambui, mke wa seremala aliyekuwa akifanya kazi Gikomba, na mbele ya nyumba yake kulikuwa na mikebe ya kila aina: ya rangi, ya mafuta ya kupikia, hata sufuria moja iliyotoboka. Ndani ya kila mkebe kulikuwa na kitu cha kijani. Wenzangu wakiitana kucheza, mimi nilikuwa nimechuchumaa pale nikimwangalia akipangusa majani kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, akiimba nyimbo za kanisani kwa Kikuyu.

Nilipokuwa darasa la tano, mumewe alistaafu na wakaamua kurudi Kinangop. Gari la kuhamisha mizigo lilijaa vitanda na makabati, na maua hayakupata nafasi. Mama Wambui akayagawa kwa majirani. Mimi akaniita wa mwisho.

"Chagua, mami."

Nilinyoosha mkono moja kwa moja kwenye lile lililotoa maua mekundu. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Hapana. Hiyo ina maringo, utalia. Mtu anayeanza, anaanza na hii."

Akanionyesha lile la kutambaa, lenye majani ya umbo la moyo na madoa ya manjano. Lilikuwa katika mkebe wa rangi, na mkia wake ulikuwa mrefu kunishinda. Yeye mwenyewe alikata kipande kimoja tu cha kwenda nacho. Jina la lile ua sikulijua, na sidhani hata yeye alilijua. Siku hizi naona vijana wananunua mmea huohuo kwenye simu, unaletwa na pikipiki ukiwa umevalishwa chungu cheupe, na una jina refu kuliko la mwenye nyumba.

Masharti yake yalikuwa machache. Mkebe utobolewe chini kwa msumari. Liwekwe mahali penye mwanga lakini jua lisilichape. Kabla ya kumwagilia, nichomeke kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na tope, niache. "Hii haiuliwi na kiu," aliniambia. "Inauliwa na huruma." Nilipotaka kumshukuru akaniziba mdomo kwa kiganja. "Ua haipewi asante. Ukisema asante inakataa kushika. Pasaka nitakuja kuiona."

Pasaka nitakuja kuiona. Maneno hayo niliyabeba kama mtihani.

Mama yangu hakufurahi. Yeye ni Mbukusu wa shamba kabisa, na mjini alikuja kwa sababu ya baba tu. Alilitazama ua kuanzia mkebe mpaka mkia.

"Kwetu Bungoma mtu hupanda kitu akingoja kukila. Hii tunangoja itufanyie nini?"

Na maji yenyewe yalikuwa ya mgao. Yalitoka mferejini Jumanne na Ijumaa, na Ijumaa nyingine yakasahau njia. Siku hizo mitungi ilipangwa mstari kuanzia alfajiri, na kikombe cha maji ukikimwaga ovyo ulijua utajibu. Mama alitangaza kwamba hakuna tone la maji ya nyumba yake litakalonyweshwa majani. Baba, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sabuni Industrial Area na ambaye maneno yake kwa siku ungeyahesabu kwa vidole, aliinuka kitini. Alichukua nyundo tu, akapiga misumari ukutani, ua likatambaa juu ya picha yao ya harusi na kuizunguka kalenda. Mama akaona mkebe unamwaibisha. Akaufumia kitambaa cha uzi, akaukalisha ndani ya bakuli la bati ili maji yasichafue meza.

Kosa langu la kwanza lilitokana na mapenzi. Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja, na kwetu mtoto hakuonekana na wageni kabla ya kupakwa mafuta mpaka ang'ae. Basi nami nikachukua kopo la mafuta ya mgando nikalipaka ua, jani moja moja. Wageni walilisifu sana. Kufikia Jumatano vumbi lote la Shauri Moyo lilikuwa limenasa pale, na nilipolipangusa kwa maji na sabuni ya kufulia, majani matatu yakakatika mikononi mwangu.

Ndipo nikaanza kulionea huruma. Kidole nilikisahau. Kila nikitoka shule nilipewa kikombe kimoja cha maji ya kunywa. Nikinywa nusu, nusu nikampelekea mgonjwa wangu. Majani yakawa manjano. Nikadhani ni kiu, nikaacha kunywa kabisa, nikampa kikombe kizima. Yakazidi kuwa manjano. Mwezi mmoja kabla ya Pasaka, mama mmoja wa kanisa akatuletea salamu: Mama Wambui anakuja Jumatatu ya Pasaka, na anauliza hali ya ua lake.

Jumamosi moja mchana nikautoa mkebe nje nione ndani. Nilipovuta shina kidogo lilitoka lote, halina mizizi, linanuka kama soksi zilizolowekwa zikasahaulika. Nikaketi chini nikalia kwa sauti. Mama akatoka mbio akidhani nimejikata.

"Nimeua ua la Mama Wambui," nikamwambia. "Nilikuwa nalimwagia maji yangu ya kunywa. Kila siku."

Nilingoja kofi. Mama alivuta kigoda akakaa, akaanza kukunja ncha ya leso yake.

"Mimi nilikuwa namwaga maji ya kuosha mchele," akasema. "Asubuhi, mkishaenda. Niliona ni kama inanyauka."

Baba alikuwa mlangoni na gazeti. Gazeti likashuka polepole.

"Na mimi," akasema. "Ile maji inabaki kwa glasi nikitoka kazi."

Tulitazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajifunika uso kwa leso, na baba, ambaye meno yake tuliyaona Krismasi tu, akacheka naye. Mimi nilicheka huku nalia. Hatukuwahi kuambiana nyumbani kwetu kwamba tunapendana, wala sikumbuki kuambiwa baadaye. Lakini siku hiyo nilijua, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi, ingawa ua lilikuwa limekufa mikononi mwangu.

Kumbe halikuwa limekufa lote. Mama aliingia ndani akatoka na kisu. Akaupapasa ule mkia kutoka nchani, akapata vipande viwili vilivyokuwa bado vigumu, akavikata chini kidogo ya kifundo. "Si ni kama kupanda viazi vitamu tu," akasema, akavitia katika chupa ya jemu yenye maji. Baba akatoa amri: kuanzia siku hiyo mwenye maji ni mimi Nanjala peke yangu, wengine wataangalia kwa macho. Baada ya siku kadhaa mizizi ikachungulia, myeupe kama uzi. Kufikia Pasaka kila kipande kilikuwa na mkebe wake. Kimoja kilikuwa na majani manne, kingine mawili.

Mama Wambui alikuja na gunia la viazi na kabichi. Kabla ya kuketi alitazama ukuta, akaona misumari mitupu. Nilimweleza yote bila kuinua macho, kuanzia mafuta ya mgando.

"Nani alikuwa anaimwagia?"

"Sisi wote," mama akajibu.

Mama Wambui alicheka, kisha akatoa kitambaa akapangusa macho. Kipande alichokwenda nacho kilikuwa kimechomwa na baridi ya Kinangop, hakikumaliza mwezi. "Sikuja kuiona tu," akasema. "Nilikuja kuomba."

Nilivitazama vile vikebe viwili. Mkono ulitaka kushika chenye majani mawili. Nikampa chenye manne, na niliumia, sitasema uongo. Alikifunga kwa gazeti lililoloweshwa, akatuaga, akaenda zake bila kusema asante. Mama alinuna jioni nzima. "Huyo mama, hata asante!" Mimi nilijua alichofanya: alitaka lishike.

Chenye majani mawili ndicho kilichozaa hili lililo kwangu leo, huku Donholm, ghorofa ya tatu. Wazazi wangu walirudi Bungoma, na mama ana kipande chake kwenye dirisha la jikoni, ingawa bado anauliza kitaliwa lini. Maji kwetu yapo tele, tuna tangi juu ya paa, na kila mtu ana chupa yake iliyoandikwa jina. Binti yangu ana mimea yake midogo chumbani na simu humlilia siku ya kuinywesha. Juzi nilirudi kutoka safari ya juma moja nikakuta ua limelegea, udongo mkavu kama majivu.

"Mum, si hiyo ni yako?" binti yangu akasema. "Mi nilidhani Dadi ameimwagia." Mume wangu alidhani ni binti.

Nililimwagia, likainuka kufikia kesho yake, maana lile ua husamehe. Lakini tangu siku hiyo, kila nikifika nyumbani nachomeka kidole hadi kiungo cha pili kabla hata ya kuvua viatu. Siangalii kama lina kiu. Natamani siku moja nikute tope, na nisijue ni nani aliyelimwagia.